Koti la Kupandia Baisikeli Wakati wa Kipupwe



Nimeona vema niandike katika gazeti letu habari za kitu ambacho wengi wetu twadhani hakihitaji kusomewa, nacho ni koti. Wala sisemi koti la kila namna, ila lile la mtu apandaye baisikeli alfajiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati baridi ni kali na mvua hakuna. Somo hili lilinigharimu mimi shilingi 18,000 na lita 20 za maziwa. Ninyi mtalipata kwa kusoma tu, na nataraji litawafaa wenzetu wa kutwa waendao shule kwa baisikeli, na wazazi wanaowanunulia nguo.

MAZIWA YALIYOMWAGIKA

Kwetu ni Njombe, katika kijiji kilicho kilometa tisa kutoka mjini. Baba ana ng'ombe wawili wa maziwa, na mama mmoja mjane aliye jirani yetu ana ng'ombe mmoja. Tangu nilipoingia Kidato cha Pili kazi yangu kila likizo ni kuyapeleka maziwa ya nyumba zote mbili kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kwa baisikeli ya baba, kabla ya saa moja asubuhi. Fedha za maziwa yetu ndizo zinazonipatia nauli, madaftari na sabuni ya shule. Na fedha za jirani ndizo zinazomnunulia unga na dawa.

Njia yetu ni ya udongo. Kwanza hupanda kilometa tatu katikati ya miti ya miwati, kisha huteremka kwa ghafula mpaka kwenye daraja la mbao lililo juu ya kijito, halafu hupanda tena polepole hadi mjini. Ikumbukeni njia hii, maana ndiyo iliyonifundisha.

Mwezi wa Juni 2024, nikiwa Kidato cha Tatu, nilikwenda kwenye soko la mitumba na akiba yangu mfukoni. Nikaona jaketi moja la sponji, jeusi, nene kama godoro, lenye kofia ya manyoya. Mwuzaji akaniambia, "Chukua hili, mdogo wangu. Humu baridi haiingii." Nikalipa shilingi 18,000 bila kulijaribu zaidi ya kuingiza mikono. Nilifikiri hivi: baridi ni kali, basi koti lililo nene kupita yote ndilo lililo bora. Hesabu hiyo yaonekana kuwa sahihi, walakini ni hesabu ya mtu aliyekaa, si ya mtu anayekanyaga baisikeli.

Siku ya tatu niliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nyuma kwenye keria nimefunga dumu la lita 20. Katika ule mlima wa kwanza nilitoka jasho kama mtu anayelima mchana. Shati langu la pamba likalowa lote na kugandamana na mgongo. Nilipofika juu nikaanza kuteremka. Upepo ukaingia kwa chini, maana jaketi lilikuwa fupi, ukaingia na kwa mikono yake mipana, ukalikuta shati lililolowa. Kabla sijafika nusu ya mteremko nilikuwa natetemeka, na vidole vyangu havikuwa na habari tena na mkono wa breki. Niliona daraja linakuja, nikajua kwamba yanipasa kubana, nisiweze. Gurudumu la mbele likapiga jiwe. Mimi nikaanguka upande wa kulia, dumu likapasuka, na maziwa yote yakashuka kijitoni.

Nilirudi nikiikokota baisikeli, nikaenda kwanza kwa jirani, kwa kuwa lita nane katika zile zilikuwa zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo goti limefanya nini?"

Hakuniuliza maziwa. Alichemsha maji akaniosha jeraha, na maziwa hakuyataja hata nilipokuwa naondoka. Kama angalinikemea ningalisahau upesi, lakini huko kunyamaza kwake kulinikaa moyoni. Wakati ule kituo kilikuwa kikitupa shilingi 1,000 kwa lita, basi deni langu lilikuwa shilingi 8,000. Nikaliuza lile jaketi kwa mlinzi wa usiku wa duka moja mjini kwa shilingi 10,000, nikamlipa mama yule, nami nikabaki na shilingi 2,000 na goti bovu.

Nawaombeni mwangalie jambo moja hapa. Mlinzi yule hulisifu jaketi lile mpaka leo. Yeye hukaa kwenye kiti usiku kucha, hatoki jasho, na jaketi humfaa sana. Basi jaketi halikuwa baya, ila mimi nalilipa kazi isiyo yake.

BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI

Tuliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Je, baridi iliyokuangusha ilitoka nje ya koti, au ilikuwa ndani yake?" Sikuweza kumjibu. Akaniambia nitafute, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida, kadiri mtu anavyopanda juu hewa hupungua joto kama digrii 6 na nusu kwa kila meta 1,000. Kwa hiyo sisi huwa nyuma ya watu wa pwani kwa digrii 13 hivi, hata kabla ya kuhesabu majira. Kisha, mwezi wa Juni jua huwa limehamia upande wa kaskazini wa dunia, na huku kwetu mvua zimekwisha. Usiku mbingu huwa nyeupe bila mawingu, na ardhi hupoteza joto lake kama nyumba isiyo na paa. Hewa iliyopoa huwa nzito, nayo hutiririka kama maji mpaka mabondeni. Ndiyo maana alfajiri kijitoni huwa baridi kuliko juu ya kilima, na mpanda baisikeli hukutana na hewa ya baridi kupita zote pale pale anapokwenda mbio kupita zote.

Lakini baridi hii ina wema wake, nao ni ukavu. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua kwetu ni haba sana. Basi mtu anunuaye koti la baisikeli kwa majira haya asilipie kitu cha kuzuia mvua. Koti la mvua la plastiki au la mpira huzuia maji yasiingie, ni kweli, lakini huzuia jasho lisitoke pia, na mvaaji hulowa kwa ndani.

MAADUI WAWILI: UPEPO NA JASHO

Mwili wetu huipasha joto hewa iliyo karibu na ngozi. Hewa hiyo ikitulia hutukinga vizuri, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno. Upepo ukija huiondoa hewa hiyo ya joto na kuleta ya baridi, mwili ukaanza kazi upya. Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walitoa habari za majaribio waliyoyafanya huko Antaktika. Walitazama maji ndani ya chombo huganda upesi kiasi gani kadiri upepo unavyozidi, na kutoka hapo wakaonyesha jinsi upepo unavyoongeza baridi. Kanuni itumikayo sasa Marekani na Kanada ilitengenezwa mwaka 2001. Niliichukua nikaifanyia hesabu. Hewa ikiwa digrii 6, na upepo ukienda kilometa 15 kwa saa, uso huhisi kama ni digrii 3. Upepo ukienda kilometa 25, uso huhisi digrii 2. Ukifika kilometa 40, huhisi chini ya digrii 1.

Na mpanda baisikeli hana haja ya kungojea upepo uvume, maana hujitengenezea wake mwenyewe. Hata siku iliyo shwari kabisa, ukiteremka kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, hewa hukupiga kifuani kwa mwendo huo huo.

Adui wa pili ni jasho. Nguvu tunayoitumia katika kukanyaga baisikeli haiendi yote kwenye magurudumu. Kadiri ya robo moja tu ndiyo inayosukuma, na robo tatu hugeuka joto. Mtu anayepanda mlima ni kama jiko linalotembea. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na gramu moja ya jasho ikikauka huondoka na jouli zipatazo 2,400 za joto. Wakati wa kupanda hilo ni jambo jema. Balaa ni pale jasho linapozuiliwa na koti, likaingia katika shati, kisha likaanza kukauka wakati wa kuteremka, wakati miguu haifanyi kazi na jiko limezimika. Tena maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Nguo ya pamba hunywa maji sana, hivi shati lililolowa jasho hugeuka kuwa kitu cha kututia baridi.

Na vidole je? Kifua kikipoa, mwili huibana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki katika moyo na mapafu. Vidole hukosa damu ya moto, navyo hufa ganzi. Ndipo nilipofahamu ya kwamba breki zilinishinda kwa sababu kifua kilikuwa kimelowa. Jibu la swali la mwalimu likawa hili: baridi ilikuwa ndani ya koti, na mimi ndimi niliyeitengeneza.

JARIBIO LA CHUPA NNE

Mwalimu hakuridhika na maneno. Mwezi wa Agosti 2024, mimi na wenzangu watatu tulichukua chupa nne zilizo sawa, kila moja ya nusu lita, tukazijaza maji ya moto ya digrii 60. Chupa ya kwanza tuliiacha tupu. Ya pili tuliivika kipande cha sweta kuukuu la shule. Ya tatu tuliivika kipande cha sweta kama kile, na juu yake kitambaa chembamba cha nailoni. Ya nne tuliivika sweta lililotiwa maji. Tukazipanga mbele ya feni kwa dakika 20, asubuhi hewa ikiwa digrii 12. Tulipopima tukaona hivi:

Chupa tupu: digrii 41.
Chupa yenye sweta kavu: digrii 48.
Chupa yenye sweta kavu na nailoni juu: digrii 53.
Chupa yenye sweta lililolowa: digrii 36.

Hapo tukastaajabu mara mbili. Kwanza, kitambaa cha nailoni chembamba kama karatasi, ambacho peke yake hakuna mtu angekiita nguo ya baridi, kiliiongezea chupa digrii 5, kwa kuwa kiliuzuia upepo usipenye katika matundu ya sweta. Pili, chupa iliyovikwa sweta lililolowa ilipoa kuliko ile isiyovikwa kitu. Yaani mtu aliyelowa ndani ya nguo zake aweza kuwa katika hali mbaya kuliko mtu aliye uchi! Mwenzangu mmoja alisema tusiliandike hilo, wazazi wasije wakadhani twafundishwa mambo ya ajabu. Lakini chupa ndizo zilizosema, si sisi.

Basi kanuni yote ni hii: sweta hushika hewa, jaketi jembamba hulinda sweta, na ngozi sharti ibaki kavu. Koti la baisikeli halitakiwi kuwa na joto jingi. Latakiwa kuuzuia upepo kwa mbele na kuliachia jasho njia ya kutoka.

JINSI YA KUCHAGUA SOKONI

Sasa nitaeleza majaribio saba ambayo mtu aweza kuyafanya mbele ya mwuzaji, bila chombo cho chote na bila kulipa hata senti.

1. Puliza. Weka kitambaa cha kifuani mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita yote, upepo nao utapita, lirudishe. Kisha puliza kitambaa cha mgongoni na cha makwapani. Hapo ni vema pumzi ipenye kidogo. Yako majaketi yenye kitambaa kizito mbele na cha matundu mgongoni, nayo yalishonwa kwa ajili ya kazi kama hii. Ukiliona moja, usiliache.

2. Inama. Livae, unyoshe mikono mbele na kuinama kana kwamba umeshika usukani. Mikono ya jaketi yapasa ifike kwenye vifundo vya mikono yako, na mgongo ufunike kiuno. Koti linalopendeza mtu akisimama wima huweza kuacha kiuno wazi akiinama. Langu la kwanza lilikuwa hivyo.

3. Jaribu zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi. Chagua zipu inayofika kutoka chini mpaka kidevuni, kwa maana zipu ndiyo mlango wa jiko letu: hufunguliwa wakati wa kupanda, hufungwa wakati wa kuteremka. Jaketi la kuvaa kwa kichwani, lisilo na zipu ndefu, halifai. Ukikuta ulimi wa kitambaa nyuma ya zipu, ni bora zaidi, maana upepo hupita katikati ya meno.

4. Pima upana wake. Livae juu ya sweta moja. Likibana halina nafasi ya hewa. Likipwaya litapigapiga kwa upepo, na kila pigo huisukuma nje hewa ya joto. Hapa nawasihi wazazi kwa heshima. Najua mtoto hununuliwa nguo kubwa ili aikulie. Lakini la baisikeli lisizidi sana, kwa kuwa pindo refu huweza kushikwa na gurudumu.

5. Likunje. Jaketi jema lapaswa kukunjika likaingia mfukoni au chini ya mpira wa keria, maana jua likipanda hutalihitaji. Lile la sponji lilinitaka nilibebe kama mtoto mchanga.

6. Tazama ndani. Soma kibandiko, uchunguze bitana. Nailoni na poliesta hunywa maji kidogo sana na hukauka upesi. Bitana nene ya pamba iepuke. Tena tazama mishono ya makwapa, maana huko ndiko majaketi ya mitumba huanza kufa.

7. Angalia rangi na kofia. Alfajiri kwetu kuna ukungu, na dereva wa lori hawezi kuliona koti jeusi. Chagua njano, nyekundu, chungwa au nyeupe. Kofia kubwa ya koti huziba masikio na kukuzuia usitazame nyuma. Kama haivuliki, ikunje ndani ya kola. Kamba zote zinazoning'inia zikate au zifunge.

Bei ya mwanzo isikutie hofu wala isikutie tamaa. Majaketi mazito ndiyo ghali wakati wa kipupwe kwa sababu kila mtu huyagombea. Haya mepesi hulala chini ya fungu, maana watu huyadharau.

YALIYONIPATA MWAKA 2025

Mwezi wa Juni 2025 sisi wa Kidato cha Nne tulipewa likizo ya wiki mbili tu, kwa ajili ya matayarisho ya mtihani. Siku ya kwanza nilikwenda gulioni, nikasimama mbele ya fungu la mama mmoja mwuza mitumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uchague."

Nikaanza kupuliza moja baada ya jingine, na kuinama, na kunyosha mikono. Watu wakacheka. Yule mama akasema, "Mwanangu, mbona wapanda baisikeli juu ya nguo zangu?" Nikamweleza sababu. Akanyamaza kidogo, kisha akachimbua chini ya fungu, akatoa majaketi matatu mepesi aliyokuwa ameyaweka kando kwa kukosa mnunuzi. La pili lilishinda majaribio yote: la nailoni, rangi ya chungwa, mgongo wa matundu, zipu mpaka kidevuni. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika. Alitaka shilingi 8,000; kwa ajili ya mfuko ule tukapatana 6,000.

Fundi cherehani alinitia lastiki kwenye vifundo vya mikono na kuushona mfuko kwa shilingi 1,500. Fundi viatu akanipigia macho manne ya chuma chini ya kila kwapa, kama yale ya kupitishia kamba za viatu, kwa shilingi 1,000, ili mvuke wa jasho upate njia. Soksi mbili kuukuu nikazifanya glavu. Jumla ilikuwa shilingi 8,500, yaani chini ya nusu ya bei ya lile la kwanza. Ndani nilivaa fulana ya michezo badala ya shati la pamba, na juu yake sweta la shule.

Asubuhi ya kwanza kipimajoto nilichoazima shuleni kilisoma digrii 6 mlangoni kwetu. Nilipanda mlima zipu ikiwa wazi mpaka tumboni, na kwa kweli mwanzoni niliona baridi. Hilo ndilo jambo ambalo mtu sharti alikubali: dakika kumi za kwanza yafaa uone baridi kidogo, maana ukiondoka nyumbani umeshapata joto, utalowa kabla ya kufika juu. Kileleni nikasimama, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikashuka. Kijitoni kipimajoto kilisoma digrii 3. Vidole vyangu vilikuwa baridi, lakini vilikuwa vyangu. Nilibana breki, baisikeli ikatii, nikavuka daraja polepole na maziwa yote.

Kwa wiki zote mbili sikupoteza hata lita moja. Nisiwafiche, siku ya tano nalichelewa, nikapanda mbio na kusahau kufungua zipu, nikafika juu nimelowa. Koti zuri halimwondolei mtu wajibu wa kulitumia vizuri. Siku hiyo nilisimama kileleni, nikapenyeza gazeti la jana kati ya fulana na sweta, nikateremka salama. Wala ujanja huo si wangu. Waendesha baisikeli wa mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, wana desturi ya zamani ya kutia magazeti kifuani juu ya milima kabla ya kuteremka. Basi ndugu yangu usiye na fedha ya jaketi, tafuta gazeti. Huzuia upepo na hunywa jasho kidogo. Ila si gazeti hili la shule kabla hujalimaliza kulisoma.

KULITUNZA

Nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Nailoni ifue kwa maji ya baridi au ya vuguvugu na sabuni kidogo, uianike kivulini. Usiipige pasi ya moto, wala usiikaushe karibu na jiko la mkaa, maana huyeyuka. Zipu ikikaza, isugue kwa mshumaa. Usiku ligeuze nje ndani ili likauke, kwa kuwa jasho la leo ndilo baridi ya kesho.

MWISHO

Mimi namaliza shule mwaka huu, na mdogo wangu mwenye miaka 13 ndiye atakayechukua baisikeli na dumu likizo ijayo. Nilipomwonyesha jaketi lile alilishika kwa vidole viwili, akasema, "Kaka, mbona jembamba hivi? Nitakufa kwa baridi." Sikubishana naye. Nilimwambia aweke kitambaa mdomoni apulize. Akapuliza mpaka mashavu yakamvimba. Kisha nikamwongoza mpaka kwa jirani, na yule mama akamsimulia mwenyewe habari za goti langu. Mpaka siku ile nilikuwa sijamsikia akiitaja asubuhi ile kwa mtu ye yote. Alipomaliza alimwambia, "Fanya kama kaka yako wa mwaka huu, si kama kaka yako wa mwaka jana."

Nami nawaambia ninyi vivyo hivyo. Kabla ya kununua kitu, msiulize kwanza ni kizuri au kibaya, ghali au rahisi. Ulizeni kitafanya kazi gani. Mtu akijua kazi ya koti lake, hata akiwa na shilingi 6,000 tu, atalipata la kumfaa chini ya fungu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Bweni